Tumbawe la Ukubwa wa Sahani

Nikipita Mabatini asubuhi kwenda kwenye kibanda changu cha kutengeneza feni na pasi, bado kuna watu wananisalimia "Fundi Fausti, pole na msiba," halafu wanageukia ukutani mabega yakiwatetemeka, na najua kabisa kwamba hawalii. Siwalaumu. Aibu niliyoipata siku ile haifichiki hata nikivaa kofia, kwa hiyo ni heri niwaeleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa kuliko muisikie kwa jirani yangu Mama Neema, ambaye kila akiisimulia anaongeza kitu (kwa sasa amefika mahali ambapo nilikuwa sina nguo kabisa, na hilo si kweli, nilikuwa nimevaa khanga).

Marehemu mke wangu, Sabina, alikuwa na duka dogo la samaki wa mapambo. Mimi ni Mkerewe, baba yangu alivua sato na sangara maisha yake yote na hakuwahi kumpa samaki jina, kwa hiyo mwanzoni niliona ni kichekesho watu wa ziwani kununua samaki wa kuangalia tu. Lakini Sabina aliwahi kufanya kazi Tanga kabla hatujaoana, huko akayaona matumbawe, yale yanayofanana na mawe kumbe ni viumbe hai vya baharini, na tangu hapo akili yake haikurudi yote. Tukiwa na ziwa zima la maji matamu, yeye akaweka sebuleni tangi dogo la kioo la maji ya chumvi. Chumvi inatoka pwani kwa mfuko, maji ya bomba tunayachuja, tunayatia chumvi, tunapima, ndipo tunayamimina humo. Siku Mama Neema alipoona kazi hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja na kikombe kuomba sukari, akasimama mlangoni akasema, "Yaani mnanunua chumvi ya kuharibu maji."

"Ndiyo, dada," Sabina akamjibu, "kama wewe unavyoomba sukari ya kuharibu chai."

Ndani ya tangi kulikuwa na mwamba, matumbawe mawili matatu laini yanayopepea kama vidole, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mdogo kama dole gumba. Sabina alimwita Mwenyekiti, kwa sababu kila kilichoingizwa mle ndani lazima kipite kwake, na mkono ukiingia bila ruhusa anaung'ata. Anang'ata kweli.

Juu ya mwamba huo, karibu na taa, Sabina aliacha mahali patupu. Alikuwa akipatunzia tumbawe la meza, lile linaloota mguu mmoja mfupi halafu linatanda juu kama meza ya duara. Alinieleza mara nyingi kwamba tumbawe la namna hiyo halikai popote: linataka taa kali, linataka maji yanayosukumwa kwa nguvu, na linataka nafasi pande zote, maana likikua linawafunika wenzake walio chini. Nikigusa pale palipo patupu ananiambia, "Toa kidole, hapo pana mwenyewe." Basi mwenyewe hajafika, Sabina akaugua, na ugonjwa haukuchukua muda, akaondoka.

Tulimzika kwao, Bujora. Sikulia. Nilibeba viti, nilishika kamba ya turubai, niligawa maji, nilisimama kaburini, na machozi hayakuja, na mimi si mtu wa kuyaita kwa nguvu. Watu wakaona. Mama mkwe akamwambia shangazi yake Sabina, shangazi akamwambia Mama Neema, na Mama Neema (mtamjua tu) akaniletea mpaka mlangoni: "Mama Sabina anasema ulisimama pale kaburini kama mtu aliyeitwa kutengeneza feni."

Mwaka ukapita. Duka lilishafungwa, nguo zilishagawiwa, kikabaki kitu kimoja tu cha Sabina, lile tangi. Shemeji yangu Dotto, mdogo wake Sabina, akapata mtu wa Kigongo mwenye nyumba ya wageni aliyelitaka aliweke mapokezi. Mama mkwe akasema familia itakuja kwangu kwa sala ya mwaka, na siku hiyo ataliangalia tangi kwa macho yake, ndipo aamue kama linabaki au linakwenda. Dotto akanipigia, "Shemeji, usijali, ukitaka kuangalia samaki utakuja Kigongo." Nikasema sawa. Lakini haikuwa sawa. Nilitaka tangi libaki, sikuwa na ombi lingine kwa watu wale.

Nikajisemea, mama akiingia akakuta pale patupu pamejazwa, kazi ya binti yake imekamilika, hatakuwa na moyo wa kulitoa. Nikampigia Hamadi wa Tanga, anayeotesha matumbawe kutokana na vipande vidogo, ambaye Sabina alikuwa akinunua kwake. Akanitumia picha mbili.

"Chukua hili dogo, Fundi," Hamadi akasema. "Tangi lako ni dogo. Hili ni la ukubwa wa kisahani cha kikombe, linakaa lenyewe, litajikulia hapohapo."

"Na lile la pili?"

"Lile ni sahani ya wali. Lile ni la matangi ya hotelini."

"Nipe sahani."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kila kilichofuata kimetoka hapo. Unamwelezaje mtu wa Tanga kwamba mama mkwe anakuja, na kwamba wakwe zangu Wasukuma ukiwaandalia kitu cha ukubwa wa kisahani wanakitazama, wanashukuru kwa adabu, halafu wanaulizana njia nzima ya kurudi kama umefilisika? Kwao mgeni huandaliwa mlima wa ugali. Nikamwambia tu, "Nipe sahani, Hamadi."

"Haya. Lakini likifika, lianzie chini kwenye mchanga lizoee taa, ulipandishe pole pole. Usiliweke juu siku hiyohiyo."

Nikamwahidi. Na ningetimiza ahadi, lakini boksi lilichelewa njiani, likafika asubuhi ya siku yenyewe ya sala, wageni wakitarajiwa mchana, na mimi sikuwa tayari kumwonyesha mama mkwe tumbawe lililolala chini kwenye mchanga kama sahani iliyoanguka. Nikaamua lipande juu papo hapo.

Lilikuwa zuri, lazima niseme ukweli, la zambarau kwa ndani na ukingo kama maziwa. Lakini mara nilipolitumbukiza nikaona alichokiona Hamadi tangu Tanga: sahani ilikaribia kugusa kioo mbele na nyuma, na mguu wake ulikuwa mfupi, mwembamba, umeelemea upande mmoja. Halikutaka kusimama. Nikakanda gundi, ile ya vipande viwili inayofanana na udongo, inashika hata majini, nikaibandika kwenye mguu na kulikandamiza kwenye mwamba, na kwa vile sahani ilikuwa inainama, ikabidi niingize kiganja chini yake na kulibeba kutokea chini, kama mhudumu wa hoteli na trei. Kabla ya hapo nilishalowa mpaka suruali, nikavua shati na suruali nikazianika uani, na nguo iliyokuwa karibu ilikuwa khanga ya Sabina, iliyosahaulika nguo zilipogawiwa. Nikaifunga kiunoni. Nyumba ni yangu, mlango umerudishwa, nani ataniona. Simu nikaiweka juu ya stuli, sauti ya nje, Hamadi akiniongoza.

"Limesimama?"

"Nimelishika."

"Usiachie. Gundi bado mbichi. Ukiachia sasa umelipoteza."

Na Mwenyekiti, ambaye makazi yake yako chini palepale nilipopitisha mkono, akatoka kuja kuona ni nani.

Ndipo niliposikia, "Hodi hapa."

Walikuwa wamepata lifti ya gari dogo kutoka Kisesa, wakawahi. Nikasema, "Subirini kidogo," lakini nyumba ya mfiwa haina subirini kidogo, watu wanaingia tu. Akatangulia shangazi. Akaniona: kifua wazi, khanga ya maua, mkono hadi begani ndani ya maji, ute wa tumbawe ukinichuruzika kwapani. Akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini, akageuka kutazama mlango. Nyuma yake alikuwa mama mkwe.

Kwa wasiojua niwaambie: mimi kwa mama mkwe wangu sikai kiti kilicho jirani na chake, sili naye sahani moja, na tukikutana njiani napisha. Sasa amenikuta kifua wazi ndani ya khanga ya binti yake. Aligeuka, akavuta kiti, akakaa akitazama ukuta. Dotto akageuka. Mama Neema, aliyewafuata kwa heshima ya jirani, naye akageuka, ingawa alichelewa kuliko wote.

"Shikamoo, mama," nikasema kuiambia migongo.

"Marahaba," ukuta ukajibu. "Unafanya nini huko, Fausti?"

"Naweka kitu cha Sabina, mama. Naachia sasa hivi."

"Usiachie," simu ikasema.

"Nani huyo?"

"Hamadi wa Tanga, mama."

"Shikamoo, mama," Hamadi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi, mbona simwoni?"

"Yuko Tanga, mama."

Shangazi akavua kitenge chake cha juu, akaja kinyumenyume akipapasa hewa, akanitupia, kikanifunika kichwa na mabega, nikabaki kama cherehani iliyofunikwa isishike vumbi. Mama mkwe akasema, "Basi tusali wakati tunasubiri, Dotto ana safari ya Kigongo." Akaanza.

Mama mkwe anasali vizuri. Anasali taratibu, anamwambia Mungu mambo kama anayemweleza jirani. Alianza na safari, akashukuru kwa lifti, akafika kwenye jina la Sabina, na hapohapo Mwenyekiti akaning'ata katikati ya kidole cha kwanza na dole gumba, mahali nilipokuwa na kidonda cha waya wa feni.

"Sss," nikasema.

Mama mkwe akanyamaza kidogo, akaendelea. Samaki akarudi.

"Mmh. Mmmh."

Nikamsikia shangazi akipenga kamasi. Nilijua anachofikiri na nilitaka kusema, lakini unakatizaje sala ya mama mkwe kumwambia habari za samaki? Nikauma meno. Mama akasema, "Baba, umpokee Sabina, alikuwa mtoto mkaidi lakini hakuwa mbaya," na Mwenyekiti akapata ile ngozi nyembamba pembeni ya kucha, akaishika, asiiachie, akawa anaitikisa.

"Uuuwi," nikasema. Kwa sauti. Ilitoka kutoka chini kabisa.

Shangazi akapasuka. "Aaah, mwanangu Sabinaaa." Mama Neema akadaka, na Mama Neema akilia anasikika mpaka barabarani. Sasa hapa kwetu kilio kikisikika kwenye nyumba hakuna anayeuliza, watu wanakuja kwanza, maswali baadaye. Wakaja. Nilikuwa chini ya kitenge, siwaoni, nasikia miguu tu. Nikasikia viti vya plastiki vikiwekwa chini uani. Nikasikia mtu akisema, "Kuni tuziweke wapi?" Nikasikia mwanaume barabarani akizima pikipiki na kuuliza nani amefariki, na mwingine akamjibu, "Nadhani ni Fundi, maana nimeona mtu amefunikwa."

Simu ya Dotto ikalia. Ilitoka Bujora. Akasikiliza, akasema, "Hapana. Hapana, yuko hapa." Akamkabidhi mama simu. "Mama, wanauliza kama umefariki."

"Mimi ni mzima," mama mkwe akasema kwenye simu. "Waambie waliokwishapanda gari washuke."

Na huku mama mkwe wangu yule, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa na neno zuri juu yangu, akakata simu, akajifuta uso kwa ncha ya khanga yake, akauambia ukuta maneno ambayo sikuyategemea.

"Nilisema mtu huyu hana machozi. Nilisema mbele ya watu, na leo nasema mbele ya watu kwamba nilikosea. Nimemsikia kwa masikio yangu anavyomlilia mwanangu. Dotto, hilo tangi liache hapa hapa. Mwambie mtu wako wa Kigongo atafute kitu kingine."

"Sawa, mama," Dotto akasema.

Basi limekwisha. Tangi limebaki. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu, watu wote wanajua. Nikanyamaza. Nikajaribu kweli. Lakini nilikuwa nasikia wanawake wale wanalia, wananilia mimi, na wengine wameacha vyungu jikoni, na mama wa watu ametoka kujishusha mbele ya mtaa mzima kwa sababu ya jino la samaki.

"Mama," nikasema ndani ya kitenge. "Nilikuwa silii."

"Unasemaje?"

"Samaki ananing'ata, mama. Tangu mwanzo wa sala."

Kilio kikakatika kama mtu amezima redio.

Neno kama hilo huwezi kumwambia mkwe umesimama. Lazima upige magoti. Na nikipiga magoti mkono unatoka. "Fundi, usiachie," Hamadi akasema kwa sauti ya kusihi, alikuwa amesikia yote. Nikaachia. Nikapiga magoti pale sakafuni na kitenge kichwani, mgongo kwa mama mkwe kwa heshima, naye mgongo kwangu, tukiombana radhi kila mtu na upande wake, na juu ya kichwa changu nikasikia ndani ya maji kitu kikisema *kach*.

Halafu simu ikauliza taratibu, "Fundi, kilichobaki kwenye gundi ni ukubwa gani?"

Nikainua kitenge, nikaangalia.

"Kisahani," nikasema.

"Mimi nilikwambia," Hamadi akasema, akakata.

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi. Alijaribu kumeza kicheko, kikamtoka puani, akamshika Mama Neema, na Mama Neema akaanguka kwenye viti vya watu. Uani wakauliza kuna nini, wakaelezwa, ikawa zamu ya uani. Mimi nikatumia nafasi hiyo kukimbilia nguo zangu, mbichi hivyohivyo, nikavaa. Niliporudi mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya tangi. Hakuwa anacheka.

"Yuko wapi huyo samaki?"

"Huyo hapo, mama. Wa rangi ya chungwa."

"Huyu?"

"Ndiyo, mama."

Akamtazama. Akakunja mkono wa gauni, akanawa kwenye beseni, akaingiza kidole. Mwenyekiti hakujali ni mama wa nani. Mama akaguta kidogo, akachomoa, akakitazama kidole kwa muda mrefu.

"Sabina aliniambia kwenye simu ana samaki anamng'ata kila akisafisha," akasema. "Mimi nikamwambia acha kunidanganya, samaki ndiye anayeliwa." Akakaa kwenye kile kiti chake, safari hii ametazama tangi. "Kwa hiyo hata leo hukulia."

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia lile nililokuwa nalo, si zuri sana. "Sijui, mama. Kila asubuhi kabla ya chai napangusa hicho kioo. Yeye ndiye aliyekuwa anapangusa. Nikimaliza naenda kazini. Hayo ndiyo ninayoweza."

Mama akaendelea kutazama tangi. Kile kisahani kilikuwa kimesimama pale pa Sabina, sawasawa, kimejitosha kabisa, na kipande kikubwa kilikuwa chini kwenye mchanga, kule kule Hamadi alikotaka kianzie. Dotto akakohoa.

"Mama, sasa yule mtu wa Kigongo nimwambieje?"

"Nilishasema," mama mkwe akajibu. "Mimi maneno yangu sirudi kuyaokota. Kama hulii, pangusa kioo."

Zikabaki kuni. Kuni zilizoletwa kwenye kilio hazirudi nyumbani kwa mtu, huo ni uchuro, na viti vilishapangwa, na watu walishakuja. Basi wakapika. Sala ya mwaka ya Sabina niliyoiandaa kwa watu wachache ikaliwa na mtaa mzima, na mama mkwe akarudia sala yake tangu mwanzo, sasa akitazama mbele, na alipofika kwenye "mtoto mkaidi" akasita, akaangalia kama nimeweka mkono mahali salama.

Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti. Boksi likichelewa, litasubiri chini kwenye mchanga hata kama anakuja askofu. Nikitia mkono kwenye tangi nafunga mlango kwa komeo na navaa shati kuukuu. Na Hamadi akinitumia picha mbili, sisubiri hata anieleze, namwambia nipe kisahani.

Kile cha juu kimekua, kinatanda pole pole kuelekea kwenye kioo, na kile cha chini nacho kimeshika. Mwenyekiti amehamia kivulini chini ya meza ile, na kila nikisafisha anatoka kuning'ata palepale pembeni ya kucha. Navumilia kimya. Nikisema "uuwi" hata kidogo tu, Mama Neema anaanza kutafuta kuni.